Moyo Uliochoka kwa Kutazama Dhuluma: Mwongozo Kamili wa Kujihudumia Bila Kujifanya Kipofu

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye hakupigwa risasi, hakutekwa wala hakumzika ndugu yake, lakini tangu tarehe 25 Juni 2024 hajalala vizuri. Siku hiyo waandamanaji waliopinga Mswada wa Fedha waliingia kwenye majengo ya Bunge jijini Nairobi, polisi wakafyatua risasi, na nchi nzima ikashuhudia mubashara. Kufikia mwanzoni mwa Julai, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya (KNCHR) ilikuwa imehesabu vifo 39. Baadaye vikafuata visa vya utekaji, kisha maandamano ya Juni na Julai 2025 na vifo vyake. Mtanzania aliyepitia uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025, intaneti ikazimwa na video zikamwagika kwa mkupuo iliporudi, ataona humu mengi anayoyajua. Ila sheria na namba za simu tunazotaja ni za Kenya.

Msimamo wetu tuuseme mapema: kutazama si kazi. Dhuluma haipungui kwa kuwa umerudia video mara kumi, wala haiongezeki ukilala. Uchovu huu huja pale mambo mengi yanapoingia kichwani saa yoyote na hakuna pa kuyapeleka. Kwa hiyo matibabu yana pande mbili: kupunguza kinachoingia, na kufungua njia, hata nyembamba, ya kutokea. Ukishika upande wa kwanza peke yake utajiona msaliti. Ukishika wa pili peke yake utaanguka katikati ya njia.

Jua kwanza unaumwa nini

Watu huita yote "stresi", na hapo ndipo matibabu yanapopotea.

Uchovu wa kawaida una hasira za karibu, machozi yasiyo na sababu ya wazi, usingizi usioburudisha na kazi zinazorundikana. Alama yake kuu ni kwamba ukipata siku mbili tatu za utulivu wa kweli, unapata nafuu.

Ganzi ni nyingine. Unaona mtu anasukumwa ndani ya gari lisilo na namba, unasogeza kidole, unaangukia kwenye kichekesho, na hakuna kilichokugusa kati ya hivyo viwili. Wengi huiona ganzi kuwa ukomavu. Kwa kweli mwili umezidiwa, na unapozima maumivu unazima pia furaha: chakula hakina ladha, mtoto wako anaposhinda mashindano shuleni unapiga makofi kwa adabu tu.

Kiwewe ni pale picha inapokuja bila kuitwa, usiku au ukiwa kwenye matatu, na mwili unashtuka kama vile jambo linatokea sasa hivi. Bodaboda ikipiga mlio unaruka. Unaanza kukwepa barabara fulani. Hali hii ikizidi mwezi mmoja, mwongozo hautoshi. Ruka hadi sehemu ya hospitali.

Ipo na hali ambayo wataalamu huiita jeraha la dhamira: uchungu wa kuona aliyeapa kukulinda ndiye anayekudhuru, na aliyepaswa kusema amenyamaza. Hii haiponi kwa likizo ya Mombasa. Huhitaji ukweli na kushiriki jambo, na ndiyo maana tumeipa sehemu ya kazi nafasi kubwa huko chini.

Chukua daftari. Kwa siku 7 andika vitu vitatu tu kila jioni: saa uliyolala na kuamka, muda uliotumia kwenye simu (Android na iPhone zote huuonyesha kwenye mipangilio), na uzito wa moyo kwa namba kutoka 0 hadi 10. Siku 3 za mwanzo usibadilishe chochote. Usipojua ulipoanzia hutajua kama unasonga, na moyo uliochoka huwa na tabia ya kusema "hakuna kilichobadilika" hata pale namba imeshuka kutoka 8 hadi 5.

Saa 72 za kwanza baada ya tukio kubwa

Hapa ndipo madhara mengi hutokea, na ndipo hatua ndogo huzaa sana.

1. Hakikisha watu wako wako salama, kwa kuwapigia simu. Usiwatafute kwenye video. Andika majina matano au sita, piga, weka alama. Orodha ikiisha, sababu ya kwanza ya kushikilia simu imeisha.

2. Soma, usitazame. Maandishi hukupa habari ileile bila kukuachia sauti ya mama akilia. Baada ya mabomu ya mbio za Boston, Aprili 2013, watafiti wa Marekani walikuta kwamba watu waliofuatilia habari zake kwa saa 6 au zaidi kila siku katika wiki iliyofuata walikuwa na dalili za msongo mkali kuliko hata waliokuwepo pale mabomu yalipolipuka. Aliye mbali hana king'ora kinachomwambia yamekwisha, kwa hiyo mwili wake hauambiwi upumzike.

3. Kama tayari umeona kitu kibaya, fanya papo hapo kazi inayotumia macho na mikono: kupanga karata, kushona, kuchambua mchele, mchezo wa maumbo kwenye simu. Kundi la Emily Holmes wa Oxford lilichapisha mwaka 2009 kwamba waliocheza Tetris dakika 10, nusu saa baada ya kutazama filamu ya kutisha, walirudiwa na picha zile mara chache zaidi katika wiki iliyofuata. Maelezo yao ni kwamba sehemu ya akili inayohifadhi picha inakuwa na shughuli nyingine.

4. Tuliza mwili kwa pumzi. Vuta kwa hesabu ya 4, toa taratibu kwa hesabu ya 6, kwa dakika 5. Kutoa ndiko kunakopunguza mapigo ya moyo, kwa hiyo ukihisi kizunguzungu unavuta kwa nguvu mno. Punguza kuvuta, usiongeze.

5. Kula mlo mmoja wa moto kila siku, hata kama hauna hamu, na tembea dakika 20 hadi 30 mchana, mahali salama.

6. Usiku, simu ilale chumba kingine. Ikibidi ibaki kwa sababu ya dharura, ruhusu namba chache tu zipenye na uzime arifa zote zingine.

Usitumie pombe kulala. Usingizi unakuja haraka lakini unakatika saa nane usiku, na hapo ndipo picha zinapokusubiri. Muguka na miraa zinakesha nawe. Na usinunue vidonge vya usingizi dukani bila daktari: Shirika la Afya Duniani linashauri dawa za kundi la benzodiazepini zisitumike kutibu msongo mkali wa mwezi wa kwanza baada ya tukio la kutisha.

Kurekebisha simu

Tenga dakika 30, fanya yote kwa mara moja. Ukisema utafanya kidogo kidogo hutafanya.

Anza na WhatsApp, maana ndiko video huingia bila hodi. Ingia mipangilio, sehemu ya hifadhi na data, kisha ondoa alama zote za kupakua picha na video zenyewe, kwa data ya simu na kwa Wi-Fi pia. Wengi huondoa ya data peke yake ili kuokoa bando, wakifika nyumbani kwenye Wi-Fi kila kitu kinamiminika. Halafu zima mpangilio unaoingiza picha za WhatsApp kwenye matunzio ya simu. Usipofanya hivyo utakuwa unatafuta picha ya risiti na kukutana na maiti.

Kwenye X, Facebook na Instagram zima video zinazojicheza zenyewe, pale programu inaporuhusu. Kwenye X na TikTok kuna orodha ya maneno ya kunyamazisha: weka maneno kama 8 hadi 12 yanayoambatana na picha za ukatili, si jina la tukio lenyewe, la sivyo utakosa habari unazozihitaji. TikTok ni ngumu zaidi kuidhibiti kwa sababu video hujicheza kwa asili yake. Kwa mwezi mmoja tungeifuta.

Grupu nazo zina tabia zake. Grupu ya ukoo haina mhariri, na mjomba mwenye nia njema ndiye anayesambaza zaidi. Usitoke kwa hasira. Nyamazisha, kisha andika ujumbe mmoja: "Shikamooni. Naomba tukiweka video za majeruhi au marehemu tuandike kwanza kilichomo, watoto wetu wanashika simu hizi." Kwa kawaida mmoja akisema, wengine watatu wanaunga mkono. Kama wewe ndiye msimamizi wa grupu, weka sheria hiyo kwenye maelezo ya grupu kabla ya tukio, kwa sababu siku ya tukio hakuna atakayesikiliza.

Televisheni ilikuwa na faida moja: mhariri. Tarehe 25 Juni 2025 Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya iliagiza vituo visitangaze maandamano mubashara. Amri kama hiyo haiwazuii watu kutazama. Inawapeleka tu kwenye simu, ambako hakuna wa kufunika uso wa marehemu.

Zamu mbili za habari kwa siku

Chagua saa mbili, kila moja dakika 20: tuseme saa saba mchana na saa kumi na mbili jioni. Asubuhi kabla ya chai, hapana. Baada ya saa tatu usiku, hapana. Teua vyanzo viwili au vitatu vyenye wahariri, na mtu mmoja unayemwamini awe wa kukupigia likitokea jambo linalohitaji uchukue hatua leo hii. Ukishakuwa na mtu huyo, hofu ya "je, kama nimepitwa?" hupungua karibu yenyewe.

Siku 4 za kwanza zitakuwa mbaya. Mkono utaenda kwenye simu bila wewe kujua. Weka kitu mahali pake pale pale: tasbihi, kitabu, kikombe. Aliye ughaibuni, Sydney au London, ana tatizo la ziada, kwa kuwa nyumbani kunapokucha kwake ni kazini au usiku wa manane. Afunge zamu zake kwa saa za anakoishi, asikae macho kwa saa za Nairobi.

Ikiwa kutazama ni sehemu ya kazi yako

Mwandishi, wakili, mtetezi wa haki, msimamizi wa ukurasa. Hati za mahakama za Desemba 2024 zilionyesha kuwa zaidi ya wasimamizi 140 wa maudhui waliokuwa wakichuja machapisho ya Facebook jijini Nairobi waligunduliwa kuwa na ugonjwa wa msongo wa baada ya kiwewe. Picha peke yake inatosha kumwumiza mtu, ikiwa kazi ni kuitazama siku nzima.

Tazama kwanza bila sauti. Mara nyingi kilio ndicho kinachobaki kichwani kuliko damu. Punguza dirisha la video hadi robo ya skrini, ondoa rangi ikiwa rangi si sehemu ya unachothibitisha, funika uso kwa karatasi kama unachotafuta ni namba ya gari au bango la duka. Kabla ya kubonyeza, andika swali moja unalotaka kujibu. Likijibiwa, funga. Usifanye zaidi ya dakika 45 bila kuinuka, na usiwe peke yako na faili za watoto. Wenzako wakitumiana faili, jina la faili liseme kilichomo, ili asiwepo anayefungua kwa kushtukia.

Kwa aliyerekodi tukio mwenyewe: utulivu utaupata pale ushahidi utakapokuwa umefika mahali pake. Usikate video asilia wala kuiwekea maandishi. Nakili mara mbili, moja nje ya simu. Andika papo hapo tarehe, saa, mahali hasa uliposimama na ulichoona kabla na baada ya kurekodi. Usiitume kama video ya kawaida ya WhatsApp, maana inabanwa na taarifa zake za ndani hupotea. Itume kama hati, au ipeleke mkononi. Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi (IPOA) hupokea malalamiko kwa 1559, bila malipo. KNCHR nayo hupokea. Zungumza na wakili kwanza kama unahofia usalama wako. Ukishaikabidhi, iondoe kwenye simu unayotembea nayo.

Hatia ya kupumzika

Hii ndiyo inayowarudisha watu kwenye simu, si udadisi. "Wao wamekufa, mimi nashindwa hata kutazama?" Jibu kwa swali la vitendo: nani atafaidika nikitazama tena sasa hivi, na kwa njia gani? Kama kuna jina, mfano wakili anayetaka uthibitishe saa, tazama. Kama hakuna, unajiadhibu tu, na adhabu yako haimfikii mkosaji.

Kazi moja yenye mwisho

Chagua kazi moja tu, isiyozidi saa 2 kwa wiki, yenye mwisho unaoonekana. "Kupigania haki" haina mwisho. Hizi zina mwisho:

Kufuata kesi moja. Chagua kesi iliyo mbele ya mahakama, andika namba yake, tarehe ya kutajwa na ya kusikilizwa, na uhudhurie pale mahakama iko wazi kwa umma. Kesi huahirishwa mno, na hilo litakuudhi. Lakini hasira iliyo na tarehe inabebeka kuliko hasira inayosubiri habari ya kila dakika.

Kumtembelea majeruhi mmoja. Mchango wa M-Pesa humiminika wiki ya kwanza. Mwezi wa tatu, aliyevunjika mguu anahitaji nauli ya kliniki na hakuna anayemkumbuka. Jitolee nauli ya kliniki 4, useme hivyo mapema, zikiisha zimeisha.

Kutoa maoni kwa mswada. Ibara ya 118 ya Katiba ya Kenya inalitaka Bunge lihusishe wananchi. Kurasa mbili zenye kifungu unachopinga na maneno unayopendekeza hufaa kuliko kurasa kumi za lawama.

Kujua haki za anayekamatwa na kuwafundisha vijana watano wa mtaa wako. Ibara ya 49 inasema afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya mahakama inayofuata kama saa hizo zinaishia nje ya muda wa kazi wa mahakama. Bandikeni namba ya wakili ukutani.

Kinachoharibu hatua hii ni kuchukua kazi tatu kwa shauku ya wiki ya kwanza. Ikifika wiki ya nne umeziacha zote, na sasa una hatia mpya.

Kuzungumza, na jinsi ya kutoharibu

Kaeni watu 4 hadi 6, saa moja na nusu, mahali ambapo mnaaminiana. Simu ziwekwe mbali. Kila mmoja apewe dakika 5 bila kukatizwa, aseme hali yake ilivyo sasa na anachohitaji wiki hii. Msirudie tukio kwa undani. Mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia wa Shirika la Afya Duniani, wa mwaka 2011, unaonya wazi: usimshurutishe mtu asimulie yaliyomkuta. Kumlazimisha humfungua mtu kidonda na kumwacha nacho. Asiyetaka kusema amimine chai, hilo nalo ni kuwepo.

Malizeni kwa jambo la kimwili: kula pamoja, kuswali, kuimba, kutembea. Na msitumie kikao kubishana siasa. Kuna pahali pake.

Kwa watoto, fupisha: waulize wameona nini, jibu hicho tu, usiongeze. Mtoto wa miaka saba anataka kujua kama baba atarudi jioni, si historia ya Katiba.

Hospitali, na lini

Nenda kama picha zinakurudia au unashtuka kwa zaidi ya mwezi mmoja. Kama umeshindwa kazi, masomo au kuwatunza watoto kwa wiki mbili. Kama pombe imeongezeka. Na siku hiyo hiyo kama unawaza kujiua au kumdhuru mtu. Hofu ya kushtakiwa ilikuwa ikiwazuia wengi, kwa kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitangaza kuwa kifungu hicho kinakiuka Katiba.

Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lina namba ya bure, 1199, yenye washauri. Watoto wana 116. Hospitali za rufaa za kaunti nyingi zina kliniki ya afya ya akili, na Nairobi kuna Mathari, hospitali ya magonjwa ya akili. Aliyeteswa au aliyepigwa na polisi aulizie IMLU (Independent Medico-Legal Unit), shirika la haki za binadamu ambalo hutoa msaada wa kisaikolojia na wa kisheria. Ukiwa huna pesa, uliza kituo cha afya kama wana ushauri mfupi unaotolewa na wahudumu waliofunzwa. Mpango wa vikao 5 wa Shirika la Afya Duniani ulijaribiwa miongoni mwa wanawake wa Nairobi waliopitia ukatili, ukitolewa na wahudumu wa jamii, matokeo yakachapishwa 2017, na uliwapunguzia mzigo.

Ukifika, usiseme "nina stresi" ukanyamaza. Fungua lile daftari: nalala kwa muda wa saa 3 tu, nashtuka mara kadhaa kwa siku, uzito ni 8, tangu tarehe fulani. Mhudumu mwenye foleni ya watu 40 atakusikia haraka zaidi.

Tarehe zinazorudi

Tarehe 25 Juni na Saba Saba (7 Julai) hurudi kila mwaka, na mwili hukumbuka kabla ya kalenda. Wiki mbili kabla, punguza zamu za habari hadi moja. Amua mapema siku hiyo utakuwa wapi, na nani, na saa ngapi. Ukienda kuandamana, nenda na mwenzako, mwachie mtu wa nyumbani jina lako kamili, namba ya wakili na saa ya kupigiana. Msipowasiliana kwa saa 2 aanze kutafuta. Usipoenda, panga kazi ya mikono ya kuanzia asubuhi hadi saa tisa, na uombe yule mtu wako mmoja akupigie jioni akueleze yaliyotokea kwa maneno yake. Tarehe 26 usipange mkutano wowote wa maana.